Inakwama wapi?



Tunaandika tukiwa watano, halmashauri ya vijana ya shirika letu katika parokia moja ya Lubumbashi. Tumekubaliana kuandika pamoja kwa kuwa jambo tunalolisimulia tulilitenda pamoja. Linahusu kompyuta iliyokataa kuwaka. Linahusu pia kijana mmoja wa miaka 15, ambaye hatutamtaja jina, kwa sababu jina lake tulikwisha kulitaja kupita kiasi.

Kompyuta yenyewe si mali ya shirika. Ni ya nyumbani kwa mwandishi wetu. Wazazi wake waliinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, kama zilivyo nyingi zinazouzwa mjini kwetu, nao wakaturuhusu kuitumia jioni na siku za Jumamosi. Ndani yake tuliweka orodha ya wanaojiandaa kwa Kipaimara, hesabu za michango ya wagonjwa na wafiwa, kumbukumbu za mikutano, na nyimbo za Juma Kuu zikiwa na sauti zote nne. Hatukuwa na nakala ya chochote mahali pengine. Tulijua kwamba si vema, lakini kila mwezi ununuzi wa flashi ya kuhifadhia nakala uliahirishwa hadi mwezi ujao.

Jumatatu ya juma la nne la Kwaresima, mwandishi alibonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikavuma, alama ya kiwanda ikatokea kwenye kioo, na hapo mambo yakasimama. Hapakuwa na ujumbe wa kosa, wala mlio wa onyo. Klavye haikujibu. Akaizima kwa kushikilia kitufe, akaiwasha tena, na alama ile ile ikamtazama. Juma zima kila aliyepita nyumbani hapo alijaribu bahati yake: mmoja aliiwasha asubuhi ikiwa baridi, mwingine alisubiri umeme utulie, wa tatu aliipiga kofi ubavuni kama redio ya babu. Tukihesabu sasa, tuliiwasha na kuizima si chini ya mara 40. Hesabu hiyo tutairudia, maana ilitugharimu.

Kufika Alhamisi, neno virusi lilikuwa limekwisha kusemwa. Hakuna kati yetu anayekumbuka nani alilisema kwanza. Maneno ya namna hiyo huwa hayana mwenyewe. Aliyekuwa wa mwisho kuitumia mashine alikuwa yule kijana, mtunza nyimbo wa kwaya, aliyekuja Jumamosi jioni na flashi yake kuchukua nyimbo za Matawi ili akazichapishe. Flashi za wanafunzi mnazijua: leo ipo shuleni, kesho kwenye duka la kuchapia, kesho kutwa kwa rafiki mwenye sinema. Hoja yetu ilionekana haina tundu. Alichomeka flashi Jumamosi, mashine ikafa Jumatatu.

Dominika ya tano, baada ya Misa, tulimwita mbele ya wanachama wote. Kikao kilichukua saa nzima. Alisema mara mbili kwamba alinakili nyimbo tu, kisha akaizima mashine jinsi inavyopasa kuzimwa. Hatukumuuliza swali lolote lingine. Tulimwambia familia yake ilete dola 20 za fundi, na kazi ya kutunza nyimbo tukampa mwingine. Akaondoka bila kutuaga.

Tungependa kuwaambia kwamba usiku ule tulikosa usingizi. Haikuwa hivyo. Tulirudi nyumbani tukiona kwamba tumeongoza vizuri.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya juma la tano, na wanaohudhuria Misa ya asubuhi wanajua somo linalosomwa siku ile: Susana, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili wanamshitaki mwanamke mwadilifu, mkutano mzima unawaamini kwa sababu ni wazee na waamuzi, naye anahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli anapopaza sauti. Wawili kati yetu tulikuwepo kanisani, tukalisikiliza somo lile kama watu wanaosikiliza habari za nchi ya mbali. Hatukuguswa hata kidogo. Tunalisema hili kwa aibu, ili msidhani kwamba Neno lilitupiga mara moja kama radi. Lilikuja kutufikia siku ya pili yake, kwa njia ya bisibisi.

Katika jumuiya yetu yupo papa mmoja aliyetengeneza redio karibu maisha yake yote, kisha, macho yakiwa yanaanza kuchoka, akajifunza kompyuta kutoka kwa wajukuu zake. Jumanne jioni alikuja na bisibisi, gomu ya kufutia ya mtoto wa shule, na waya mmoja mwekundu mfukoni. Akaketi. Akauliza:

«Inakwama wapi?»

Tukamjibu kwamba imeingiwa na virusi, na kwamba tunamfahamu aliyevileta.

«Wanangu, sikuuliza ni nani. Nimeuliza inakwama wapi.»

Hatukuelewa. Basi akatueleza jinsi kompyuta inavyoamka, na maelezo yake tunayaandika hapa kwa kadiri tulivyoyashika, maana yatawafaa siku moja.

Mashine haiamki yote kwa mara moja. Kwanza umeme huingia, feni huzunguka. Kisha programu ndogo iliyomo kwenye ubao wenyewe, isiyokaa ndani ya diski, huanza kukagua nyumba: kumbukumbu ya muda ipo? klavye ipo? diski ipo, na inajibu? Wakati wa ukaguzi huo ndipo alama ya kiwanda huonekana kwenye kioo. Ukaguzi ukimalizika, programu hiyo huitafuta diski yenye Windows na kuikabidhi kazi. Hapo ndipo huonekana vile vidoto vinavyozunguka, kisha jina la mtumiaji, kisha meza yenye picha ndogo ndogo. Kwa hiyo mahali inapokwama ni ushahidi. Ikikwama baada ya kuandika jina na neno la siri, mara nyingi ni programu fulani inayojianzisha yenyewe. Ikikwama kwenye vidoto, huenda faili za Windows zimeharibika, au programu inayoendesha kifaa fulani ina kasoro. Ikikwama kwenye alama ya kiwanda, Windows bado haijaamka.

«Na virusi vya flashi,» akasema, «ni programu za Windows. Windows ikiwa bado imelala, vinafanya kazi wapi?»

Tulinyamaza. Mmoja wetu akajaribu kusema kwamba pengine ni virusi vya namna nyingine. Papa hakubishana naye. Alisema tu kwamba sasa tutaiuliza mashine yenyewe, kiungo kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa peke yake.

Akaanza na vya nje. Akachomoa mashine ya kuchapia, modemu, vipaza sauti, kipanya, akaacha kioo na klavye. Kuna kompyuta zinazokwama kwa sababu tu ya flashi iliyosahauliwa nyuma, kwani katika ukaguzi huibabaikia kama diski. Yetu haikuwa na kitu nyuma. Tukaiwasha, ikakwama.

Akakata umeme kabisa, akachomoa waya wa ukutani, akagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme uliobaki mwilini mwake, ndipo akafungua ubavu. Kwanza alicheka. Ubavuni hapo tulikuwa tumebandika picha ya Carlo Acutis, yule kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akatumia ujuzi wake wa kompyuta kuandaa kurasa za intaneti kuhusu miujiza ya Ekaristi, akafariki mwaka 2006, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Tulimwomba ailinde mashine. Picha tuliibandika juu ya matundu ya hewa, na ndani vumbi lilikuwa limeganda kama pamba. Papa aliibandua picha kwa heshima, akaibandika upande wa pili, usio na tundu. Alipofariki Carlo alikuwa na miaka 15. Hilo nalo tulikuwa tumelisoma mara nyingi chini ya picha ile.

Alichomoa vipande viwili vya kumbukumbu ya muda, akavisugua meno yake ya shaba kwa ile gomu taratibu, akarudisha kimoja tu. Ikakwama. Akakitoa, akaweka kile kingine. Ikakwama. «Hawa wawili hawana hatia,» akasema, «kwa kuwa si rahisi wote wawili waharibike siku moja.» Kisha akatuonyesha betri ndogo, bapa kama sarafu, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio mashine ikiwa imezimwa. Ilikuwa imechoka, na saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Jumatano tukanunua nyingine sokoni. Saa ikatengemaa, lakini mashine ikaendelea kukwama. Tulikuwa tumepata kosa la kweli, ila halikuwa kosa tulilolitafuta.

Jumatano hiyo hiyo jioni akachomoa waya unaoiunganisha diski na ubao, akatuambia tuwashe. Alama ya kiwanda ikatokea. Ikapita. Kwenye kioo cheusi yakaja maneno meupe, yakisema kwamba hakuna diski ya kuanzia iliyopatikana. Tulishangilia kana kwamba imepona, naye akatutuliza: haijapona, lakini sasa imesema. Pasipo diski, inamaliza ukaguzi. Pamoja na diski, inabaki ikiingoja ijibu, na diski haijibu. Akaubadilisha ule waya kwa waya wake mwekundu, kwa maana waya huchakaa pia, akairudisha diski. Ikakwama. Akaweka sikio lake karibu, akatuita na sisi. Kulikuwa na mlio mdogo, tak, tak, kisha kimya, kisha tena tak, tak.

Ilikuwa hapo, masikio yetu yakiwa karibu na kasha lile, mmoja wetu alipoikumbuka Misa ya Jumatatu. Danieli hakusema hotuba juu ya tabia njema za Susana. Aliwatenga wale wazee wawili, kila mmoja mbali na mwenzake, akamuuliza kila mmoja swali dogo, karibu la kitoto: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja ule. Kesi iliyokuwa imekwisha kuamuliwa na umati mzima ikaanguka kwa sababu ya jina la mti. Sisi tulikuwa na saa nzima ya kikao na hatukuuliza swali dogo hata moja. Hatukuuliza kama Dominika yenyewe, baada ya kijana yule kuondoka, mtu mwingine aliiwasha mashine. Dada yake mwandishi aliiwasha, akaandika barua, ikafanya kazi kwa uzito tu. Angetuambia, kama angeulizwa.

Papa akatuuliza swali lake la mwisho.

«Diski hii, iliwahi kuanguka? Au kugongwa ikiwa inawaka?»

Alitufafanulia kwamba ndani ya diski ya aina ile kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake sindano inayosoma bila kuzigusa, ikiwa karibu mno kuliko unene wa unywele. Ikizimwa, sindano hupumzika mahali pake. Ikigongwa ikiwa inazunguka, sindano inaweza kupiga sahani, na jeraha huendelea kukua kila inapowashwa tena.

Watatu kati yetu tulijua jibu. Jumamosi ile ile, mchana, kabla kijana yule hajaja, tulikuwa tumeihamisha kompyuta kutoka sebuleni kwenda chumba cha pili ili kuwaonyesha watoto filamu ya Mateso. Jenereta ya jirani ilikuwa imetukopesha umeme kwa waya mrefu, na hatukutaka kupoteza muda wa kuizima na kuiwasha. Tuliibeba ikiwa inawaka. Mlangoni kasha liligonga mwimo, picha kwenye kioo ikaganda kidogo, kisha ikaendelea. Tukasema, afadhali.

Ndugu vijana, hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Hatukulikumbuka jambo hilo mbele ya papa kwa mara ya kwanza. Tulilikumbuka Dominika ya tano, katika kikao, wakati kijana anajitetea. Kila mmoja wa wale watatu alilikumbuka, na kila mmoja aliwaza kwamba si kitu, kwamba mashine iliendelea kufanya kazi, kwamba wenzake wawili wangesema kama lingekuwa na maana. Hatukusema uongo. Hakuna aliyetuuliza. Wale wawili wengine hawakujua, lakini walipaza sauti kuliko sisi. Ndiyo maana tumetia sahihi wote watano.

Fundi mwingine, tuliyekuwa tumemwendea kabla, alikuwa amependekeza afute kila kitu na kuweka Windows mpya. Tunashukuru kwamba fedha zilichelewa. Diski inayolia namna ile haiwekewi kitu kipya, na haiwashwi ili kuona kama imepona. Alhamisi papa aliitoa, akaiunganisha kwa kifaa kidogo na kompyuta nyingine iliyokuwa imekwisha kuamka, akatuambia tuchague kwanza vile visivyo na nakala popote. Tukachagua orodha ya Kipaimara, hesabu za michango, na nyimbo za Juma Kuu. Faili zilitoka pole pole, nyingine kwa robo saa, nasi tukaiacha ipumzike na kupoa. Vyote vitatu vilitoka. Kumbukumbu za mikutano zilitoka nusu. Tulipofika kwenye folda ya sauti, diski ilinyamaza, na haikusema tena. Humo mlikuwa na mazoezi ya kwaya tuliyoyarekodi na mwalimu wetu wa zamani, marehemu sasa, akifundisha sauti ya tatu kwa kuimba mwenyewe. Zile mara 40 za kuwasha na kuzima, papa hakututajia. Alifunga bisibisi yake katika kitambaa.

Flashi ya yule kijana nayo tuliikagua, kwa kuwa alikuwa ameiacha mezani siku ya kikao. Ilikuwa na virusi kweli, vile vinavyoficha folda na kuweka viungo vya uongo mahali pake. Kwa dakika chache mmoja wetu alifurahi. Kisha papa akaomba flashi zetu watano. Nne zilikuwa navyo.

Ijumaa jioni tulikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha vizuri, jambo ambalo lilituumiza zaidi kuliko kama angetufukuza. Kwenye kabati la vyombo tuliona bahasha. Alikuwa amekwisha kukusanya dola 13. Tulimwomba azirudishe alikozitoa, tukamweleza yote, pamoja na mlango na jenereta. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, «Basi mwambieni mwenyewe,» akatoka kwenda jikoni.

Kijana alikuja akasimama mlangoni. Tulisema tumekosa, tukaomba msamaha. Alitutazama kwa muda, kisha akajibu kwamba sisi tulimsema mbele ya watu wote, na nyumbani kwao hakuna watu wote. Halafu akauliza kama nyimbo za Matawi zimepatikana.

Dominika ya Matawi, kabla ya maandamano, watu wakiwa na makuti mikononi, tulisimama mbele ya wanachama tukasema yale tuliyoyaandika hapa, kwa kifupi. Hatukuchukua hata dakika tano. Tunakumbuka kuwaza jinsi zilivyo fupi dakika tano zikiwekwa kando ya ile saa nzima. Yeye alikuwa ameketi nyuma, karibu na ngoma, na hakuinua uso. Wapo waliotuambia baadaye kwamba tumeliaibisha shirika bure, na kwamba ingetosha kunong'ona. Mmoja wa wazazi bado anasema hivyo.

Kazi ya kutunza nyimbo tulimrudishia, akaipokea baada ya Pasaka, si kabla. Sasa tuna flashi mbili za nakala, moja nyumbani kwa mwandishi na nyingine kwake, na kompyuta ina diski nyingine isiyo na sahani ndani. Kikao cha kwanza alichohudhuria, aliomba kitu kimoja tu: ile diski iliyokufa, kama hatuihitaji. Tulimpa. Ameifungua kwa bisibisi ya papa na kuiweka dirishani kwao, sahani zikiwa wazi. Ukiigeuza kuelekea kwenye jua unauona mstari mwembamba wa duara, mahali sindano ilipogusa.